Sarafu Yenye Kasoro: Kosa la Kiwandani au Hila ya Mtaani?

Ni vitu vichache ambavyo binadamu huvishika mara nyingi na kuvitazama mara chache kama sarafu. Twaipokea kutoka kwa kondakta wa matatu, twamkabidhi muuza mboga, twaihesabu kwa ncha za vidole hata gizani. Lakini ni nani miongoni mwetu awezaye kusema, bila kuchungulia mfukoni, ni mnyama gani aliyechorwa kwenye shilingi tano zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya mnamo Desemba 2018? Ni kifaru. Twiga yuko kwenye shilingi moja, simba kwenye shilingi kumi na ndovu kwenye shilingi ishirini.

Mazoea hayo ya kutotazama huvunjika siku sarafu moja inapojitenga na wenzake. Tarakimu zake zimejirudia maradufu, picha imekaa upande, au ukingo una pengo mithili ya mwezi mwandamo. Papo hapo swali la "Hiki ni nini?" humezwa na swali jingine: "Hizi ni pesa ngapi?" Uvumi nao haukawii. Husemwa kwamba sarafu zenye kasoro zinatafutwa na matajiri wa ng'ambo, na aliye nayo hutakiwa atume kwanza "ada ya usajili" ili apelekewe mnunuzi. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Anayetuma ada hiyo aghalabu hampati mnunuzi wala haioni tena pesa yake.

Hata hivyo, si busara kulikataa jambo zima kwa sababu ya walaghai. Ni kweli kwamba viwanda vya sarafu hukosea, na ni kweli kwamba baadhi ya makosa hayo yameuzwa kwa fedha nyingi. Swali la haki basi ni hili: mtu ambaye si mtaalamu atajuaje kama kasoro aliyo nayo mkononi ilizaliwa pamoja na sarafu au iliipata sarafu ikiwa mtaani? Jibu langu ni fupi. Ajabu ya kitu haithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni njia ambayo ajabu hiyo ilipitia hadi ikatokea. Asiyeweza kuieleza njia hiyo hana ushahidi. Ana tumaini tu.

Huenda msomaji akajiuliza mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu sarafu. Namwomba atanabahi kwamba maneno "sarafu" na "sarufi" ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametokana na mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti s-r-f, ambao hubeba dhana ya kugeuza na kubadilisha. Sarafu ni pesa ibadilishwayo kwa bidhaa au kwa pesa nyingine. Sarufi, kwa asili ya neno lenyewe, ni elimu ya namna neno linavyogeuka umbo. Na katika nyanja hizi mbili mchunguzi hukabiliwa na swali lile lile: umbo hili geni limetoka wapi?

Mathalani, mtu anayehariri utenzi wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hukumbana mara kwa mara na neno lisiloeleweka. Je, ni mshairi aliyelitunga hivyo? Ni mnakili aliyeteleza? Au ni mchwa na unyevu walioila karatasi miaka mingi baadaye? Kila mmoja wa hao huacha alama yake. Katika nakala nyingi za zamani herufi moja ya Kiarabu ilitumika kuandikia sauti "b", "p" na hata "mb". Kwa hiyo mnakili aliyebadilisha "p" kuwa "b" twamwelewa, kwa sababu njia ya kosa lake yaonekana. Lakini mchwa hawajui herufi. Hula mistari bila kuchagua, na tundu lao hupita kurasa kadhaa. Mhariri mwerevu hutofautisha kosa na uharibifu kwa kujua jinsi maandishi yalivyotengenezwa. Mchunguzi wa sarafu hufanya vivyo hivyo.

Hebu basi tuingie kiwandani. Sarafu hupitia hatua kuu tatu. Kwanza hutayarishwa kisahani kitupu cha madini, kisicho na picha wala maandishi. Pili hutengenezwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo wa sarafu. Tatu ni pigo lenyewe: kisahani huwekwa kati ya mihuri hiyo miwili, ndani ya pete ya chuma inayokizuia kisitawanyike, kisha mtambo hukigonga kwa nguvu nyingi mno. Wakusanyaji wa sarafu duniani huyagawa makosa yote ya kiwandani katika makundi hayo matatu: kosa la kisahani, kosa la muhuri na kosa la pigo. Kasoro isiyoweza kuwekwa katika mojawapo ya makundi haya ilitokea nje ya mlango wa kiwanda, na jina lake ni uharibifu.

Tuanze na kisahani. Visahani hukatwa kutoka kwenye bamba refu la madini, kama mpishi akatavyo maandazi ya duara kwa mdomo wa gilasi. Mpishi akiiweka gilasi pahali palipokwisha kukatwa, andazi linalofuata litatoka likiwa na pengo la nusu duara. Kiwandani hali ni hiyo hiyo, na hapo huzaliwa sarafu yenye pengo. Sasa, mtu mwenye tupa na subira anaweza kuchonga pengo kama hilo nyumbani. Tutawatenganishaje? Baada ya kukatwa, kisahani hubingirishwa kati ya vyuma viwili ili ukingo wake uinuke. Sehemu yenye pengo inapopita upande mmoja, hakuna kitu cha kusukumwa, na kwa hiyo upande wa pili ulio mkabala nao haupati mbano wa kutosha. Matokeo yake ni kwamba, katika pengo nyingi za kweli, ukingo ulio upande wa pili wa sarafu huonekana hafifu na uliofifia. Mwenye tupa hushughulikia pahali anapopatazama. Hakumbuki kwamba kosa la kweli huacha alama hata pahali pasipotazamwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa sarafu zenye tundu. Wazee wetu wanazikumbuka ndururu na senti kumi za enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mnamo 1919. Tundu la katikati lilikuwa sehemu ya umbo lake, na mchoro ulipangwa kulizunguka. Shilingi ya zamani iliyotobolewa ni jambo jingine. Watu wengi walizitoboa sarafu ili kuzivaa shingoni. Ukilitazama tundu la nyumbani kwa kioo cha kukuzia, utaona limekata herufi au sura katikati, na mara nyingi madini yamesukumwa yakajikunja upande mmoja, pale msumari ulipotokea. Sarafu hiyo yaweza kuwa na historia nzuri ya familia, lakini si kosa la kiwanda.

Kundi la pili ni makosa ya muhuri. Hapa kuna kanuni ambayo kila mwalimu ataielewa mara moja. Kitabu cha kiada kikiwa na kosa la uchapaji katika ukurasa wa kumi, kosa hilo litakuwa katika vitabu vya darasa zima. Doa la wino likiwa katika kitabu cha mwanafunzi mmoja tu, si kosa la uchapaji. Muhuri mmoja hugonga maelfu kwa maelfu ya sarafu; kwa hiyo kosa lililo ndani ya muhuri lazima liwe na ndugu. Anayedai kuwa na kosa la muhuri ambalo halina mfano wake popote duniani amejitia katika mashaka mwenyewe.

Mfano mashuhuri ni ule wa senti ya Marekani ya mwaka 1955. Zama hizo muhuri ulitengenezwa kwa kukandamizwa na kielelezo zaidi ya mara moja. Katika kiwanda cha Philadelphia muhuri mmoja ulikandamizwa mara ya pili ukiwa umepinda kidogo, na tarakimu za mwaka pamoja na maandishi yakatokea maradufu, waziwazi hata kwa macho matupu. Senti zaidi ya 20,000 za muhuri huo ziliingia mikononi mwa watu. Zote zina marudufu yale yale, upande ule ule, kwa kipimo kile kile.

Tahadhari yahitajika hapa, kwa sababu si kila marudufu ni ya muhuri. Mtambo ukilegea, muhuri hutikisika kidogo wakati wa pigo na kuiparua herufi iliyokwisha kuumbwa. Katika marudufu ya muhuri, taswira zote mbili zimeinuka na kujaa vizuri, kila moja ikiwa na umbo lake. Katika mtikisiko wa mtambo, ile ya pili ni bapa, mfano wa kidaraja chembamba kilichokatwa kutoka kwenye herufi yenyewe. Kasoro hii ya pili ni ya kawaida mno, na wakusanyaji wengi hawaithamini. Watu wawili wanaweza basi kushika sarafu zinazofanana kwa mtazamo wa haraka, mmoja akawa na hazina na mwingine akawa na senti tu.

Wakati mwingine mihuri yenyewe ni mizima, ila imeoanishwa visivyo. Mnamo 2008 Uingereza ilibadilisha michoro ya sarafu zake. Katika sarafu ya peni 20, mwaka ulihamishwa kutoka mgongoni ukawekwa usoni. Kwa bahati mbaya muhuri wa zamani wa uso, usio na mwaka, uliunganishwa na muhuri mpya wa mgongo, nao usio na mwaka. Zikatoka sarafu zisizo na mwaka kabisa. Kiwanda chenyewe kilikadiria idadi yake kuwa kati ya 50,000 na 200,000. Wakusanyaji huiita sarafu ya namna hii kwa jina la nyumbu, mnyama azaliwaye na punda na farasi. Kosa hili lilithibitishwa kwa kuwa kila mtu aliweza kuifuata njia yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kundi la tatu ni makosa ya pigo. Kisahani kikikaa kombo, picha itagongwa upande mmoja na upande mwingine utabaki mtupu. Sarafu iliyotangulia ikinata kwenye muhuri, sarafu inayofuata itapata taswira iliyogeuzwa kama katika kioo na iliyozama ndani badala ya kuinuka. Walaghai huliiga kosa hili la mwisho kwa kuzibana sarafu mbili ndani ya jiriwa. Lakini jiriwa haiwezi kuficha jambo moja: sarafu hizo zilikuwa tayari na picha zake kabla ya kubanwa. Utaona taswira iliyogeuzwa imelala juu ya sura iliyopondwapondwa, na upande wa nyuma umebondeka bila sababu. Njia ya mwongo ni fupi.

Vivyo hivyo kwa sarafu za madini mawili, kama ilivyo shilingi kumi yetu. Yule anayekuonyesha duara la nje bila kiini cha ndani akidai limetoka kiwandani hivyo, mtazamie ukuta wa tundu. Ikiwa duara lilipigwa pekee, madini yake yangesukumwa na kuingia kidogo katika nafasi iliyo wazi. Ikiwa kiini kilikuwapo kikang'olewa, ukuta utabaki na alama za mwenzake aliyekuwa amebanwa humo.

Kabla ya kufikia hukumu, kuna jambo la tatu lisilo kosa wala uharibifu. Shika sarafu ya Uingereza, uso ukiwa wima, kisha uigeuze kama ukurasa wa kitabu: mgongo nao utakuwa wima. Fanya hivyo kwa senti ya Marekani, nayo itakuonyesha mgongo ulio kichwa chini miguu juu. Asiyejua atapiga kelele kwamba amepata kosa. La hasha! Huo ni mtindo wa nchi ile, na kila sarafu yao ya kawaida iko hivyo. Ni tofauti, wala si kosa.

Kisa ambacho nadhani kingefaa kusimuliwa katika kila darasa ni cha senti ya mwaka 1943. Marekani ilikuwa vitani na ilihitaji shaba kwa silaha; kwa hiyo mwaka huo senti zilitengenezwa kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Inaaminiwa kwamba visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimesalia katika vyombo vya kiwanda, vikagongwa kwa mihuri ya 1943. Mnamo 1947 mvulana wa miaka 16, mwanafunzi wa shule moja katika jimbo la Massachusetts, alirudishiwa chenji katika chumba cha maakuli cha shule yao, na ndani yake mlikuwa na senti ya 1943 ya rangi ya shaba. Alipoiandikia Wizara ya Fedha, alijibiwa kwamba hakuna senti ya shaba iliyotengenezwa mwaka huo. Uvumi nao ulikuwa umeenea kwamba tajiri Henry Ford angempa gari jipya yeyote aliye na senti hiyo. Mvulana akaulizia, akaambiwa si kweli.

Tazama hali aliyokuwamo. Wakubwa walimwambia hana kitu, ilhali uvumi ulimwambia ana gari. Wote wawili walikosea. Aliihifadhi sarafu yake kwa zaidi ya miaka sabini, ikathibitishwa na wataalamu, na baada ya kifo chake iliuzwa kwa mnada mnamo Januari 2019 kwa dola 204,000.

Ni nini kilichoamua? Si barua ya wizara, si uvumi, wala si rangi, kwa maana rangi ndiyo iliyo rahisi zaidi kughushi. Watu wengi wamezipaka shaba senti za chuma. Sumaku huwaumbua, kwa kuwa chuma huvutwa hata kikivishwa nguo ya shaba. Wengine wamechukua senti ya shaba ya 1948 na kuichonga tarakimu ya 8 iwe 3. Hao sumaku haiwaumbui, lakini umbo la 3 ya kweli ya mwaka 1943, yenye mkia mrefu unaoshuka chini, huwaumbua. Mizani nayo hutoa ushahidi wake: ya shaba ina uzito wa gramu 3.11, ya chuma gramu 2.7. Na kuna alama ya ndani zaidi. Mitambo ya 1943 ilikuwa imetegwa kwa nguvu kubwa zaidi ili kugonga chuma kilicho kigumu. Kisahani laini cha shaba kilipoingia humo, kiligongwa kupita kawaida yake, na ndiyo sababu michoro ya senti za kweli, hasa kandokando ya ukingo, ni mikali kuliko ya senti za shaba za miaka mingine. Mlaghai huiga anachokiona. Hawezi kwa urahisi kuiga nguvu ya mtambo.

Kwa hiyo, mwanafunzi atakayepata sarafu ngeni na ashike utaratibu huu. Kwanza, asiisugue wala kuiosha kwa ndimu, kwa maana atafuta ushahidi. Pili, aiweke kando ya sarafu ya kawaida ya thamani ile ile na mwaka ule ule, azilinganishe kwa kioo cha kukuzia. Tatu, aipime kwa mizani ya maabara ya shule na aijaribu kwa sumaku, akikumbuka kwamba sumaku haina maana mpaka ujue sarafu hiyo ilipaswa kuwa ya madini gani. Nne, ajiulize: kasoro hii ni ya kisahani, ya muhuri au ya pigo? Na ikiwa ni hivyo, ni alama gani nyingine ambazo hatua hiyo ingeacha, na je, zipo? Tano, asimtumie mtu yeyote ada ili asikie habari njema.

Walimu wenzangu, utaratibu huu haufai sarafu peke yake. Mnamo 1967 mwanaisimu S. Pit Corder alitufundisha kutofautisha aina mbili za makosa ya mwanafunzi wa lugha: lile linalotokana na mfumo alio nao kichwani, na lile la kuteleza tu. Mwanafunzi anayeandika "kitabu yangu, kiatu yangu, kisu yangu" kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ana kosa la muhuri. Hapana budi muhuri wenyewe uchongwe upya. Aliyeandika "kitabu changu" mara tisa na "kitabu yangu" mara moja kengele ikilia, huyo ana kosa la pigo. Mtambo ulitikisika, basi. Na yule mtoto wa Lamu au Mombasa aandikaye "ndia" badala ya "njia" hana kosa la kiwanda hata kidogo. Amekuonyesha sarafu halali ya kwao. Mfundishe ile inayotumika katika mtihani wa taifa bila kumwambia kwamba ya nyumbani kwao ni bandia.

Kalamu nyekundu hugonga makosa haya matatu kwa duara moja la rangi moja, na mwanafunzi hutoka darasani asijue kama anahitaji somo jipya, usingizi wa kutosha, au heshima tu. Tukimzoesha kuuliza "limetokeaje?" kabla ya kuuliza "lina thamani gani?", hatatapeliwa kwa sarafu, na huenda asitapeliwe kwa mengine yaliyo mazito kuliko sarafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.